Kutoka Kifaru Hadi Trekta: Somo la Vyuma vya Kongwa

Kila aliyesoma historia ya nchi yetu amesikia habari za Mradi wa Karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipokea shauri la Frank Samuel wa kampuni ya United Africa kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki na ya Kati. Shabaha ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikafuata Urambo, magharibi ya Tabora, na Nachingwea kusini. Januari 1951 mradi ukaachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikafutwa katika hesabu.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni asili ya mashine zenyewe. Wakati ule viwanda havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha. Wakubwa wa mradi wakageukia mabaki ya vita. Makatapila yaliyokwisha kutumika yalinunuliwa hata kutoka Ufilipino, yalikoachwa na majeshi ya Marekani. Huko Uingereza kiwanda cha Vickers-Armstrongs kilichukua vifaru vya Sherman, kikaviondolea mizinga, kikavigeuza kuwa matrekta. Mashine hiyo ikaitwa Shervick: nusu Sherman, nusu Vickers.

Sisi wa Shinyanga tunaujua ugumu wa pori. Katika miaka ya 1920 Bwana Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o akiwa na makao yake hapa kwetu, alitegemea mikono ya maelfu ya wananchi wenye shoka na panga. Kongwa ilidhaniwa kwamba chuma kingeimaliza kazi kama hiyo upesi. Mizizi ya vichaka ilikuwa migumu, na udongo ulipokauka ukawa kama sementi. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala karakanani.

Hapo ndipo suala la vipuri linapoingia. Mashine zilitoka nchi mbalimbali, nyingine zikiwa zimechoka vitani, na kipuri cha moja hakikuingia katika nyingine. Hata jina "Sherman" peke yake halimsaidii fundi. Kifaru cha M4A1 kilikuwa na injini ya namna ya ndege, yenye silinda 9 zilizopangwa duara. M4A2 kilikuwa na injini mbili za dizeli. M4A3 kilikuwa na injini ya Ford ya silinda 8, na M4A4 kilikuwa na injini tano za Chrysler zilizounganishwa pamoja, jumla silinda 30. Anayeagiza kipuri kwa jina la Sherman tu ataletewa chuma kisichomfaa.

Basi kipuri hutambuliwaje? Kwanza, kwa umbo. Sherman huvutwa na magurudumu ya meno yaliyo mbele, na kila upande una vikundi vitatu vya magurudumu madogo. Springi za vifaru vya awali zilisimama wima. Za baadaye zililazwa. Pili, kwa pingili za mnyororo: nyingine zimevikwa mpira, nyingine ni chuma kitupu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwa namba. Vyuma vingi vya kusubu vina namba ya kipuri na alama ya kiwanda, zimeinuka juu ya chuma chenyewe. Sugua kutu kwa brashi, pitisha chaki, nayo namba itasomeka.

Leo wako watu Ulaya na Marekani wanaofufua vifaru vya vita na kubadilishana vipuri vyake. Jumba la Bovington, Uingereza, lilikifufua kifaru cha Kijerumani cha Tiger kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, na ili kitembee tena kikatiwa injini ya kifaru kingine cha Kijerumani. Katika biashara hiyo, kipuri kilichotambuliwa humpata mwenye haja nacho. Kisichotambuliwa hupimwa kwa kilo.

Nasi tuna vyuma vyetu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na Mwadui imechimbwa tangu Williamson alipogundua almasi mwaka 1940. Mashine nyingi zimepita huko. Fundi anayegeuza shafti kuukuu kuwa ya karasha hana kosa. Anatafuta riziki, na ujuzi wake ni wa kuheshimiwa. Lakini sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 hulinda bila tangazo maalumu vitu vya kabla ya 1863. Mashine ya mwaka 1940 inaweza kwenda kwenye tanuru bila mtu kuuliza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mnaosoma sasa, anzisheni daftari moja katika chama chenu cha historia. Mkiona mashine kuukuu, andikeni namba zake, pimeni, pigeni picha, na muulizeni mzee aliyeiendesha iliitwaje na ilifanya kazi gani. Na sisi wa zamani, wengi tuliofanya kazi migodini na karakanani, tuwajibu wangali wanaweza kutuuliza. Baada ya hapo, mwenye chuma na auze akitaka.