Dozi ni moja, watu ni mbalimbali

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika nchi tajiri, kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu ndio wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Maradhi yenyewe ni yale yale yaliyojaa majumbani mwetu Mombasa, Malindi na Lamu: presha, sukari, pumu. Sisi hukimbilia kusema tatizo ni pesa, na pesa kweli zimo. Lakini mbona wenye dawa kabatini nao hawazimezi?

Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa watu 749 wenye maradhi sugu, wakilinganisha tabia zao na matumizi yao ya dawa. Watu makini, wa mipango, pamoja na wapole wanaopatana na wenzao, walifuata dozi vizuri zaidi. Wenye wasiwasi mwingi walifuata kwa uchache. Majibu waliyatoa wagonjwa wenyewe, na mtu akijieleza hujipamba kidogo, lakini picha inaeleweka.

Hilo la wasiwasi lilinishangaza. Ningedhani mwoga ndiye wa kwanza kumeza. Nikifikiria naona mwoga huogopa ugonjwa na dawa pia: husoma ile karatasi ya madhara iliyo ndani ya boksi, na kisunzi cha kwanza kikimpata, anaacha. Huyu hasaidiki kwa kukaripiwa. Aelezwe lipi ni la kawaida na litapita, lipi limrudishe kwa daktari, na kwamba dawa inaweza kubadilishwa.

Yule asiyejali ana shida nyingine. Presha mara nyingi haiumi, basi akijiona mzima huona kidonge hakina kazi. Inapanda kimyakimya mpaka kiharusi. Msahaulifu naye ni mwepesi zaidi: kidonge cha asubuhi akiambatanishe na swala ya Alfajiri, cha usiku na Isha, na anunue kile kisanduku chenye vyumba vya siku saba.

Ila msiwasahau hao makini. Ramadhani ikiingia, mgonjwa wa sukari aliye makini kwa insulini huwa makini kwa saumu vilevile. Anajidunga kipimo kile kile huku tumbo li tupu, sukari inashuka, anazimia kabla ya Magharibi. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Al-Baqara, aya ya 184, lakini yeye huona kuitumia ni udhaifu. Amuone daktari mapema, Shaaban haijaisha, aambiwe kama aweza kufunga na dawa zipangwe vipi.

Kwenye dirisha la dawa sote huambiwa "kimoja asubuhi, kimoja jioni," na anayefuata anaitwa. Foleni ni ndefu, sawa. Lakini mhudumu wa afya ya jamii anayetutembelea nyumbani ana nafasi ya kumuuliza mgonjwa jambo moja zaidi: wiki hii umeruka dozi ngapi, na kwa nini?