Kukatishwa Tamaa Kukuu (1844)

Kukatishwa Tamaa Kukuu ni jina ambalo wanahistoria wa Ukristo wameyapa majonzi yaliyowapata wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Miller (1782–1849), pale siku waliyotazamia kurudi kwa Yesu Kristo, yaani 22 Oktoba 1844, ilipopita kama siku nyingine yoyote. Mara nyingi tukio hilo hutajwa kama kichekesho cha unabii uliokosewa, jambo linalowanyima haki waliohusika, kwa kuwa watu waliokuwa wametubu, wakalipa madeni na kupatana na jirani zao walilazimika kuamua asubuhi iliyofuata kama aliyewaangusha ni Mungu au ni hesabu yao wenyewe.

Miller, mkulima wa Low Hampton katika jimbo la New York, alikuwa mdeisti, yaani mtu anayesadiki kwamba Mungu aliuumba ulimwengu lakini hauingilii, hadi alipoongoka mwaka 1816 na kujiunga na Wabatisti. Alipoichunguza Biblia aya kwa aya alifika Danieli 8:14, panapotajwa jioni na asubuhi 2300 kabla ya patakatifu kutakaswa. Akihesabu kila siku kuwa mwaka, na kuanzia mwaka 457 KK, aliouhusisha na amri ya mfalme Artashasta juu ya Yerusalemu, alipata takriban mwaka 1843. Patakatifu alipaelewa kuwa ni dunia itakayosafishwa kwa moto Kristo atakaporudi. Alianza kuhubiri hadharani mwaka 1831, na tangu 1840 mchungaji Joshua Himes wa Boston aliueneza ujumbe huo kwa magazeti na kwa makambi, yaani mikutano ya kiroho ya siku kadhaa. Tarehe kamili haikutoka kwa Miller. Ilitangazwa na Samuel Snow katika makambi ya Exeter, New Hampshire, mwezi Agosti 1844, naye Miller aliikubali Oktoba, zikiwa zimebaki siku chache tu.

Wako wakulima walioacha mazao shambani bila kuyavuna. Hiram Edson, mmoja wa waliokesha, aliandika baadaye kwamba walilia hadi alfajiri, na kilio hicho kiliongezewa kejeli za majirani na za magazeti. Hadithi kwamba waumini walipanda mapaani wakiwa wamevaa kanzu nyeupe haijathibitishwa.

Baadhi yao waliiacha imani, wengine walirudi katika makanisa yao ya awali au wakapanga tarehe mpya zilizowaumiza tena. Kundi la Edson lilishikilia kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilieleweka vibaya, kwani patakatifu palipotajwa na Danieli pako mbinguni, na ndipo Kristo alipoingia awamu mpya ya huduma yake ya kikuhani. Katika Ufunuo 10, penye kitabu kitamu mdomoni na kichungu tumboni, waliyaona mapito yao wenyewe. Kutokana na kundi hilo, wakiwemo Joseph Bates, James White na Ellen White, lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, ambalo wamisionari wake walifika Upare, katika Tanzania ya leo, mwaka 1903 na Gendia, nchini Kenya, mwaka 1906. Ellen White aliwaonya waumini wasimpangie tena Kristo siku ya kurudi.

Njia aliyoishika Miller mwenyewe haikuzaa kanisa kubwa, na pengine ndiyo sababu husomwa kidogo, ingawa inastahili zaidi. Alikiri waziwazi kwamba hesabu yake ilikosea, hakuifuata tafsiri ya patakatifu pa mbinguni, wala hakuliona kosa lake kuwa hoja dhidi ya ahadi ya Mungu. Msimamo huo una mizizi katika zaburi za maombolezo, yaani sala ambamo mwenye kuumia humlalamikia Mungu kwa sababu bado anamtegemea, na pia katika simulizi la wanafunzi wa Emau, waliomweleza Kristo bila kumtambua kwamba tumaini lao limevunjika, naye akawakemea huku akiendelea kutembea nao. Mapema mwaka 1845 kanisa la Kibatisti la Low Hampton lilimtenga Miller. Mwaka 1848 alijenga kanisa dogo karibu na nyumba yake, na hadi alipofariki tarehe 20 Desemba 1849, macho yakiwa yamefifia sana, aliendelea kuungojea ujio wa Kristo.