Je, Michoro ya Tassili ni ya Viumbe wa Sayari Nyingine?



Ndugu wasomaji, vijana wetu wengi huletewa kwenye simu picha za michoro ya kale ya miambani, wakaambiwa kuwa hao ni wageni waliotoka angani. Tumeona ni vyema tuutazame mchoro mmoja unaotumiwa sana katika madai haya.

Mchoro huo upo Jabbaren, katika milima ya Tassili n'Ajjer, kusini-mashariki mwa Algeria. Ni umbo la mtu lenye urefu wa karibu mita 6, na kichwa chake ni duara kubwa. Mtafiti wa Kifaransa, Henri Lhote, alianza kunakili michoro ya huko mwaka 1956 pamoja na wenzake. Umbo hilo lilimkumbusha viumbe wa hadithi za kubuni, akaliita "Mungu Mkuu wa Mirihi". Lilikuwa jina la mzaha tu. Lakini mwaka 1968 Mswisi Erich von Däniken alitoa kitabu kilichodai kuwa miungu ya watu wa kale walikuwa wanaanga, na michoro ya Tassili ikaingizwa humo. Mzaha ukageuzwa ushahidi!

Sasa tujiulize, wataalamu husoma vipi michoro kama hii?

Kwanza, hawatazami mchoro mmoja peke yake. Tassili ina michoro zaidi ya 15,000, na vichwa vya duara vimo katika michoro mingi ya mtindo huo huo. Baadhi ya watu hao wana pembe, wengine wana vinyago na nakshi za mwilini. Huenda hayo ni mapambo ya ngoma na ibada za kale.

Pili, hutazama michoro iliyopandiana, ipi ipo chini na ipi juu. Hivyo hujulikana kuwa wafugaji wa ng'ombe walikuja baadaye, kisha farasi, na mwisho ngamia.

Tatu, hutazama mazingira. Maelfu ya miaka iliyopita Sahara ilikuwa na maziwa na majani, ndiyo maana viboko na twiga wamechorwa mahali ambapo leo ni jangwa.

Hata Kondoa, Tanzania, wapo watu waliochorwa wembamba, warefu, wenye vichwa vya ajabu. Baadhi ya mapango hayo bado wenyeji huyatumia kuombea mvua na kutibu wagonjwa. Majibu yapo kwa watu wa ardhini.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwa sababu dai hilo linawapokonya Waafrika wa kale kazi ya mikono yao, kana kwamba hawakuwa na akili ya kubuni. Tena von Däniken hakuishia kwenye michoro. Hata maono ya Nabii Ezekieli katika Biblia aliyafanya kuwa chombo cha angani. Anayezoea kupokea hilo la kwanza bila kuuliza, hili la pili litamkuta hana kinga.

Qur'ani katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi wazazi, mtoto akileta picha hizo tusimkemee. Tumuulize: nani kasema, kaona wapi, na michoro iliyo kando yake inaonyesha nini?

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamiin.