Eti macho yetu hayajui sinema!

Leo lekcha ya historia imenichoma. Kumbe Waingereza walipoanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni mwaka 1939, kinara wake William Sellers alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zisizo na madoido, eti atachanganyikiwa.

Haya sasa, 1966 Mmarekani Tony Conrad akatoa The Flicker: fremu nyeupe na nyeusi tu, zinapepesa. Watazamaji wakaona rangi ambazo hazipo! Yaani jicho la binadamu yeyote linadanganyika, bwana.

Na hapo Kolo, Kondoa, wazee walichora maduara mwambani karne nyingi kabla ya sinema. UNESCO ikayatambua 2006. Jumamosi panapo majaaliwa napanda basi, nikayaone kwa macho haya haya.