Kumi na nne, au moja?

Wadau, pale chumba cha habari swali la kwanza la mhariri ni moja tu: "Wangapi?" Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika idadi ya majeruhi wa ajali ya basi niliyopewa na shuhuda aliyekuwa bado ana damu za wenzake kwenye shati. Kesho yake wodini nikakuta nusu ya idadi ile. Hakunidanganya jamani. Alihesabu kwa macho ya mtu aliyetoka kunusurika.

Ndiyo maana kisa cha Rejimenti ya 12 ya ulinzi wa anga ya jeshi la Uingereza hakiniishi kichwani. Hasa kombania yake ya T (wanamizinga wenyewe huiita betri, msicheke). Kombania hii hubeba jina la Shah Shuja, mfalme wa Afghanistan ambaye Waingereza walimrudisha kwenye kiti kwa mtutu wa bunduki mwaka 1839. Hayo ni ya siku nyingine.

Aprili 2, 1982 Argentina iliviteka visiwa vya Falkland. Uingereza ikatuma meli, na Mei 21 majeshi yakashuka San Carlos. Kombania ya T ikapandisha vilimani mitambo yake 12 ya makombora ya Rapier, mitambo iliyokuwa imetikiswa baharini wiki kadhaa. Rada ya kuliongoza kombora gizani na kwenye ukungu ilibaki nyumbani. Kwa hiyo askari aliikodolea ndege macho kupitia kiona mbali, akaifuata kwa mkono mpaka kombora lifike. Na Rapier za wakati ule zilitakiwa zigonge ndege yenyewe. Likipita nusu mita pembeni, limekosa.

Sasa vuta picha. Ndege inaingia kwenye ghuba ikikaribia kugusa maji. Meli zinaifyatulia, bunduki za nchi kavu zinaifyatulia, makombora ya begani nayo yamo. Inapotelea nyuma ya kilima ikitoa moshi. Imeangushwa na nani? Au haikuanguka kabisa? Kila kikosi kinaapa ni yake, na hakuna anayesema uongo.

Desemba 1982 serikali ya Uingereza ikatoa ripoti ya vita: Rapier zimetungua ndege 14 kwa uhakika, na nyingine 6 huenda. Mwaka uliofuata waandishi wawili, Jeffrey Ethell na Alfred Price, walifanya kazi ambayo natamani wahariri wangu watulipe kuifanya. Walilinganisha madai ya upande mmoja na hasara za upande wa pili, ndege kwa ndege, rubani kwa rubani. Iliyobaki bila ubishi ni moja: Dagger iliyotunguliwa Mei 29. Rubani wake, Luteni Juan Bernhardt, alikufa.

Mwaka 2005 historia rasmi ya vita hivyo, iliyoandikwa na Lawrence Freedman, ilionyesha kwamba hata ndani ya wizara ya ulinzi walijua 14 haisimami. Tatizo ni kwamba Rapier ilikuwa bidhaa, na mnunuzi hupenda silaha iliyokwisha kupigana. Hapo ndipo ninapokasirika. Askari wa kilimani namsamehe, lakini aliyekaa na faili ofisini simsamehi.

Siwadharau vijana wale. Juni 8 baadhi yao walikuwa Fitzroy, mitambo yao ikiwa imeshushwa ufukweni siku hiyo hiyo, Skyhawk zilipotokea mchana kweupe na kuipiga meli ya Sir Galahad. Ndani yake walikufa watu 48, wakiwemo 32 wa kikosi cha Welsh Guards.

Idadi hiyo hakuna aliyeibishia. Ilihesabiwa kwa majina.