Suruali za Makondakta na Kiuno cha Bibi Harusi



Huku Namtumbo ninakoshonea, msichana akija kupimwa gauni la harusi jambo la kwanza kuniuliza ni kiuno. Wapo wanaokunywa chai za kukata tumbo, wapo wanaoshinda njaa wiki nzima hadi wanapata kizunguzungu siku ya nikaha. Basi leo tuangalie watu walijuaje kwamba kukaa sana na mwili vina uhusiano. Utashangaa, mafundi nguo tumo ndani ya historia hiyo.

Daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza waliwafuatilia wanaume wapatao 31,000 waliofanya kazi za usafiri London, kuanzia 1949. Katika yale mabasi ya ghorofa, dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Mwaka 1953 wakatangaza: makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva.

Mwaka 1956 wakaja na ushahidi wa sare za kazi. Walitazama vipimo vya suruali, wakakuta viuno vya madereva ni vipana kuliko vya makondakta, hata kwa wale vijana. Lakini hapo pana swali: kiti ndicho kilichowanenepesha, au wanene ndio waliopendelea usukani tangu mwanzo? Suruali peke yake haiwezi kujibu. Walipoendelea kuchunguza, waliona kondakta ana nafuu ya moyo awe mwembamba, wa kadiri au mnene. Dada yangu, lishike hilo: kujishughulisha kunakufaa hata kama futi haijashuka hata inchi moja.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Kule Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, wanaowinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba, ukizingatia ukubwa wa miili, nguvu wanayotumia kwa siku inakaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya, ingawa wao hutembea sana na wana mafuta machache mwilini. Maana yake ni kwamba mazoezi peke yake hayafuti sahani ya chipsi na soda. Chakula nacho kina hesabu yake.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine: Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa mjini. Tofauti ni kwamba mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Sisi tunajimwaga kwenye sofa na simu mkononi.

Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa haya. Walitwanga kwa mchi, wakalima kwa jembe la mkono, wakateka maji mtoni. Siku hizi mashine inasaga, bodaboda inatubeba, na cherehani yangu ya umeme haitaki hata kukanyagwa. Alhamdulillah kwa wepesi huo, lakini mwili umepoteza kazi yake. Takwimu za afya za Tanzania zinaonyesha wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 18 kwa kila 100 mwaka 2004-05, wakafika 28 mwaka 2015-16.

Na dini yetu haijatunyima kujongea. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda. Amelisimulia mwenyewe bila haya. Hakudharauliwa kwa mwili wake, wala mbio hazikukatazwa.

Kwa hiyo mwali, hata ukitiwa ndani na kusingwa, usikae kama mzigo. Inuka kila baada ya muda, fagia, tembea uani, na swali sunna zako. Ukitoka nje, tembea na dada zako jioni. Usianze wiki ya harusi. Anza leo, na uendelee ukishaingia nyumbani kwako. Gauni ni la siku moja, na mimi fundi naweza kulipanua mshono. Moyo hauna mshono wa kupanua.

Allah atujaalie afya na ndoa zenye baraka. Amin.