Maambukizi Makali ya Macho kwa Watoto: Dalili na Tiba

Kitabu cha Tobiti kinasimulia jinsi mzee huyo alivyoota utando mweupe machoni, na kila alivyopakwa dawa ndivyo alivyozidi kupofuka. Hata leo wapo watoto wanaopoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani yaliyotiwa katika jicho lililokuwa likihitaji hospitali. Hivyo tunaeleza hapa maambukizi yaliyo ya hatari na namna yanavyotibiwa.

Macho ya mtoto mchanga

Mtoto anayevimba kope na kutokwa usaha katika siku 28 za kwanza ni mgonjwa wa dharura. Huenda ameambukizwa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa. Kisonono huonekana mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 5, nacho huweza kutoboa kioo cha jicho upesi. Matone peke yake hayatoshi: mtoto huchomwa sindano ya antibiotiki na macho yake husafishwa mara kwa mara. Mama na baba hutibiwa pamoja, pasipo kulaumiana. Kinga yake ni dawa ya mafuta ya tetrasaiklini, ambayo hupakwa machoni mara baada ya kujifungua.

Kidonda cha kioo cha jicho

Dalili zake ni maumivu, machozi, kuogopa mwanga na doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Huanza mara nyingi baada ya jicho kuchomwa na kijiti, au baada ya surua kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Mganga huweza kuagiza matone kila saa, mchana na usiku, kwa siku za mwanzo, na vitamini A inapohitajika. Matone yenye steroidi yasitumike bila agizo lake, kwani huweza kuzidisha kidonda.

Trakoma

Ugonjwa huu, uitwao pia vikope, huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope zake hupata makovu, na akiwa mtu mzima huja kugeukia ndani na kukwaruza jicho. Hutibiwa kwa azithromaisini. Watoto walio chini ya miezi 6 hupewa mafuta ya tetrasaiklini. Kunawa uso na kutumia choo huzuia usirudi.

Uvimbe wa nyuma ya jicho

Homa, kope zilizovimba, jicho lililotokeza au lisilogeuka vizuri ni dalili za kulazwa siku hiyohiyo. Antibiotiki hutolewa kwa njia ya mshipa, na pengine upasuaji huhitajika.

Wajibu wetu

Tusitie jichoni kitu chochote ambacho hakikuagizwa na mganga. Tumpeleke mtoto siku ileile, tumalize dozi, wala tusikose chanjo ya surua na matone ya vitamini A. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kusali tunapougua na kumpa mganga nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Basi tumwombe Mtakatifu Lusia, tunayemkumbuka tarehe 13 Desemba, awaombee watoto wetu; nasi tuwe tumekwisha kushika njia ya kwenda hospitali.